Usinga Uliozuiliwa Uwanja wa Ndege

Jumapili, 2 Machi. Mikumi

Presha asubuhi 122 kwa 78. Maji vikombe vitano hadi saa sita mchana. Chumvi hakuna. Daktari alisema niandike kila siku mpaka siku ya upasuaji, basi naandika. Hakusema niandike na mengine, lakini daftari ni langu.

Mgahawa wangu umelala. Ramadhani hii wanaokula mchana ni madereva wa malori tu. Nimewapikia wali na nyama ambayo mwenyewe sikuionja. Nakula kama mgonjwa, na mgonjwa ni Isaya.

Mdogo wangu Isaya yuko India wiki ya saba sasa, yeye na mke wake Neema. Figo zake zote mbili zimekufa. Anasafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, na Neema anasema mishipa ya mkono imeanza kuziba. Vipimo vimesema figo yangu inamfaa. Jumatatu tarehe 17 nitakaa mbele ya kamati ya hospitali waniulize kama natoa kwa hiari yangu. Nisipotokea siku hiyo, kamati hairudi kukaa hadi mwezi ujao, na Isaya hana mwezi. Jumatano tarehe 19, kisu. Ndege yangu ni Jumamosi hii.

Naogopa. Niandike hivyo hivyo. Naogopa kisu, naogopa ndege, na zaidi ya vyote naogopa simu ya Neema.

Maji, jumla vikombe vinane.

Jumanne, 4 Machi. Kilosa

Niko Magomeni, nyumba ya marehemu mama. Nimekuja kuaga. Presha 128 kwa 82. Imepanda, na aliyeipandisha namjua.

Mjomba Eliya ameteremka kutoka Mamboya na koti lake la kanisani na kifurushi cha khanga iliyochakaa. Ndani yake usinga wa ukoo. Maisha yangu yote sijawahi kuushika. Wanawake tuliuona kwa mbali tu, kwenye misiba na kesi za mashamba, Mjomba akiupunga na watu wakinyamaza. Mpini mweusi wa mti, mkia mrefu mweusi. Leo umewekwa mapajani mwangu nikakaa nao kama mtoto wa kuazima.

Kwetu Wakaguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Mjomba harithiwi na mwanawe, anarithiwa na mpwa. Kwa hiyo usinga ulikuwa uende kwa Isaya siku Mjomba akifumba macho. Sasa mzee ameona Isaya anaweza kumtangulia, amebadili mpango. Akabidhiwe kabla ya kisu. Mtu aliyekabidhiwa ukoo hafi ovyo, ndivyo asemavyo. Na amekwisha kumwambia Isaya kwa simu kwamba dada yako anakuja nao.

Nikamwambia, mjomba, uwanja wa ndege wanakagua. Akasema wanakagua wezi. Kisha akaanza hadithi ambayo hata kuku wa Mamboya wanaijua: mjomba wake aliangusha dume la nyumbu kwa mshale mmoja kwenye mbuga za Mikumi, enzi hizo haijawa hifadhi, na mkia wenyewe ndio huu. Koo nyingine zina mikia ya ng'ombe. Ng'ombe kila mtu anaye. Nyumbu ni sisi tu.

Nilikataa mara mbili. Mara ya tatu macho yake yakajaa machozi, mzee wa miaka themanini, nikashindwa. Nimeuweka chini kabisa ya begi, kati ya vitenge.

Nimechukia. Lakini nimeuweka.

Ijumaa, 7 Machi. Dar es Salaam

Jana treni ya umeme kutoka Kilosa. Haraka mno, sikupata hata muda wa kuogopa vizuri.

Nimefikia kwa Bi Zuhura. Tulianza naye darasa la kwanza Magomeni ya Kilosa, akaolewa huku. Yeye amefunga, mimi nimekatazwa chumvi. Tumetazamana jikoni tukacheka. Amelimwaga begi langu lote akalipanga upya: nguo, faili la vipimo, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, unga wa dona, mlenda mkavu kwa ajili ya Isaya. Usinga akauona. Akaniuliza kama una kibali. Nikamjibu kibali cha nini, ni mali ya ukoo. Akaurudisha chini ya vitenge huku ananitazama.

Presha 125 kwa 80. Kesho.

Jumamosi, 8 Machi. Uwanja wa ndege

Saa kumi jioni. Ndege imeondoka. Nimeiona ikipaa kupitia dirisha la chumba walichoniweka.

Niandike yote nisije nikajidanganya baadaye.

Begi lilipita kwenye mashine, likarudishwa, likapita tena. Akaja binti mmoja wa wanyamapori, mwembamba, mwenye miwani. Akaniamkia vizuri, shikamoo mama, akaomba nifungue. Akatoa unga, akatoa mlenda, akatoa kifurushi. Akaukunjua usinga, akaugeuza huku na huku, akauliza kwa upole, "Mama, huu si mkia wa ng'ombe?"

Alinifungulia mlango. Ningejibu ndiyo mwanangu, wangechukua mkia wao na mimi ningekuwa angani saa hizi. Lakini aliushika kwa vidole viwili kama tambara la jikoni, foleni nzima inatazama, na mimi nikachemka. Nikamwambia ng'ombe kila mtu anaye. Nikamwambia huu ni mkia wa nyumbu, tena nyumbu wa Mikumi, aliyeangushwa kwa mshale mmoja. Nilisema kwa sauti. Nadhani na kidevu nilikiinua.

Tabasamu lake likafutika. Akauliza kama nina kibali. Akanileta humu. Mwanamume mwingine akaandika maelezo yangu, akanisomea, nikatia sahihi. Kupatikana na nyara za serikali.

Mimi! Mkazi wa Mikumi! Malori yanapekuliwa mbele ya mgahawa wangu kila siku. Mabango ya nyara nayajua kwa moyo, mabinti zangu walijifunzia kusoma kwayo. Ila haikunijia hata mara moja kwamba neno lile linahusu kitu cha mjomba wangu. Nyara ni vitu vya majangili. Usinga ni usinga.

Nimewaeleza habari za figo. Binti aliisoma barua ya hospitali mara mbili. Akasema, pole sana mama, lakini maelezo umeyatoa mwenyewe.

Ulimi uliponza kichwa. Wangu umeponza na kichwa cha Isaya.

Jumapili, 9 Machi

Polisi tangu jana jioni. Benchi. Wenzangu wawili, mmoja analia, mmoja anakoroma.

Bi Zuhura amekuja na chupa ya uji. Yeye mwenyewe ana saumu, na amepanda magari mawili na uji mkononi. Amenidhamini. Nimetoka saa nane mchana. Pasipoti imebaki.

Nimempigia Neema. Sikujua pa kuanzia, nikaanzia mwisho: sijapanda ndege. Hakulia. Akasema tu, "Sawa wifi." Afadhali angenitukana.

Tumekubaliana Isaya asiambiwe. Aambiwe ni karatasi tu hazijakamilika.

Jumatatu, 10 Machi

Presha 141 kwa 90. Hospitali wakiiona namba hii watanikataa. Kalamu ilisimama hapo kwa muda, natamani kuandika namba nyingine. Nimeiacha.

Nimekwenda ofisini kwa watu wa wanyamapori tangu asubuhi. Usinga umepelekwa kwa mtaalamu wa wanyama autazame. Majibu keshokutwa, akiwahi. Ikithibitika ni nyumbu, ni mahakamani, na pasipoti itakaa huko mpaka kesi iishe. Nikauliza kesi za namna hii huchukua muda gani. Binti akaitazama meza.

Nikapiga magoti. Ofisini, sakafuni, na miaka yangu arobaini na sita. Akaniinua haraka, akasema usifanye hivyo mama, unanitia laana. Wala sikuona aibu. Aibu ni ya watu wenye muda.

Jina lake sijalijua hadi leo. Kwangu ni binti tu. Si mbaya, ningependa awe mbaya. Mtu mbaya ungemchukia ukapata nafuu.

Jumanne, 11 Machi

Hakuna kitu. Simu hakuna. Maji vikombe viwili. Kula sikumbuki.

Neema ametuma picha. Mkono wa Isaya umevimba hadi kiwiko. Mashine haiwezi tena kutumia mkono, wamemwekea mpira shingoni.

Nimemwomba Mungu. Kisha nimemgombeza. Kisha nimemwomba radhi, maana namhitaji.

Jumatano, 12 Machi. Ndani ya treni

Walinipigia saa nne. Nilikimbia mpaka viatu vikanitoka.

Mtaalamu ameutazama. Kwa macho yake ni mkia wa ng'ombe. Mpini ni wa zamani sana, mkia ni wa karibuni zaidi, umeunganishwa na mpini kwa uzi wa nailoni. Nailoni! Babu zetu wa mshale walikuwa na nailoni?

Nilipiga kigelegele pale pale ofisini. Mapema mno. Binti akaniambia nikae. Mtaalamu anasema ng'ombe, lakini mwenye mzigo ameandika nyumbu na kutia sahihi. Faili moja, maneno mawili yanayopingana. Bosi wake hawezi kulifunga hivyo. Njia ni mbili. Mkia upelekwe maabara, na huko ni wiki tatu. Au mtu aliyeushona aje mwenyewe, aape, aseme ni mnyama gani, alimpata wapi na kwa nani. Akija Jumamosi kabla ya jioni, na maneno yake yakikubaliana na ya mtaalamu, wananiachia.

Nikampigia Mjomba. Nikamweleza taratibu, kama unavyomweleza mgonjwa. Akasema huyo mtaalamu wao ni mtoto wa mjini, nyumbu kamwona kwenye televisheni. Akakata simu.

Nikapiga tena. Imezimwa.

Ndiyo maana niko ndani ya treni. Nje mvua. Morogoro yote imeloa.

Alhamisi, 13 Machi. Mamboya

Nilitoka Kilosa kunapambazuka. Karibu na Rudewa maji yamekula barabara, abiria wote tukashuka tukapita kwenye tope kwa miguu, ng'ombe wa wafugaji wamesimama pembeni wanatutazama. Niliwatazama mikia. Dumila nikapata gari jingine, kisha bodaboda kupanda milima. Nilifika saa nane mchana, nimeloa hadi mfupa.

Shikamoo mjomba. Marahaba. Akaniwekea chai mwenyewe. Hakuuliza habari za Isaya, na hapo nikajua kwamba anajua nilichofuata.

Nikamuuliza ni nyumbu au ng'ombe. Akasema nyumbu. Nikamtajia nailoni. Akageuka akatazama nje, mvua inavyopiga migomba.

Akasema, "Tabitha, miaka thelathini nimeamua kesi kwa usinga ule. Watu wameapa juu yake. Mipaka ya mashamba. Mahari. Nani baba wa mtoto. Leo niseme ng'ombe, hao wote waliapia nini?"

Nilikuwa na hasira tu, na hasira haikosi maneno. Nikamwambia Isaya akifa utamrithisha nani? Mama alizaa wawili, mimi na yeye, na dada mwingine huna. Nikamwambia basi kaa na nyumbu wako, utakuja kuufukuzia nzi kwenye msiba wa mrithi wako.

Sijawahi kusema hivyo kwa mkubwa. Mama huko aliko amefunika uso.

Akainuka, akaingia chumbani kwake saa kumi na mbili, hajala. Nimemsikia akisali kwa Kikaguru, polepole, majina ya watu waliokwisha kufa.

Maji yamenifika shingoni, na mwenye kamba amejifungia ndani.

Ijumaa, 14 Machi. Dumila, tunasubiri gari

Asubuhi nilikuta kitanda chake kitupu. Nikadhani ametoroka. Nikatoka nje nikiita kama kichaa.

Alikuwa kule chini barabarani, na koti la kanisani, viatu mkononi kwa sababu ya tope. Amekwisha kusimamisha bodaboda mbili. Akasema, "Upesi." Basi.

Hapa Dumila, kwenye benchi la muuza chai, ndipo amesema. Hakunitazama. Alikuwa anaiambia glasi.

Ni panya. Mjomba wake alipomkabidhi, aliuficha ghalani, juu ya mahindi, kwa kuogopa wezi. Miezi sita haikuisha. Alipoufuata kwa ajili ya msiba fulani akakuta mpini na manyoya mawili matatu. Panya wamekula nyumbu wa ukoo. Akateremka Rudewa peke yake, akawakuta wafugaji wamechinja dume jeusi la ng'ombe, akaomba mkia. Akawaambia ni kwa ajili ya dawa. Akaukausha, akaushona mwenyewe kwa uzi wa mshona viatu. Msibani akaupunga na watu wakanyamaza kama kawaida. Tangu hapo akashindwa pa kuanzia. Hata mkewe hakumwambia. Mkewe amekufa akiamini nyumbu.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Ya Mjomba imetoka ghalani Mamboya ikafika uwanja wa ndege.

Nilitaka kumkasirikia. Nilijaribu kweli. Lakini chai ilikuwa inamwagika kwenye koti lake la kanisani, na nikajikuta nimemshikia glasi.

Presha sijapima. Mashine iko kwa Bi Zuhura. Wala sitaki kujua.

Jumamosi, 15 Machi. Dar es Salaam

Imekwisha.

Tulifika saa nne na nusu. Binti akamwamkia, shikamoo babu. Marahaba mwanangu. Wakili akaletwa, Biblia ikaletwa. Mjomba akaapa amesimama, alikataa kukaa.

Mnyama gani? Alifungua mdomo, akaufunga. Akaufungua tena.

Ng'ombe.

Mwandishi wa maelezo hakusikia. Babu, rudia tafadhali, kwa sauti.

"Ng'ombe," akasema Mjomba. Ofisi nzima ilisikia. Yule anayegonga mihuri dirishani aligeuka.

Akaeleza panya, akaeleza Rudewa, akaeleza uzi. Walimuuliza dume lilikuwa la rangi gani, walimuuliza alishona tundu ngapi. Kumi na moja. Mtaalamu alikuwa ameandika kumi na moja. Aliposaini, aliandika jina lake lote, la kwake na la mjomba wake, polepole, jasho linamtoka. Sijawahi kuona mtu akivuliwa nguo na bado amevaa koti.

Mimi pia nikaandika upya: nilisema nyumbu kwa sababu nimeambiwa nyumbu tangu utoto, kwa macho yangu sikuona. Bosi akasoma yote, akampigia mtaalamu, akafunga faili. Pasipoti akanipa mkononi. Akanionya kwamba hata mkia wa ng'ombe hauvuki mpaka bila cheti cha mifugo, na huko niendako hawaupokei hata kwa cheti. Kwa hiyo usinga akarudishiwa Mjomba. Akaupokea kwa mikono miwili, kwa heshima zote. Kisha akaukunja, akautia mfuko wa koti.

Bi Zuhura amehangaika na tiketi tangu asubuhi. Nafasi imepatikana kesho.

Nje, kwenye kivuli cha ukuta, Mjomba akanishika mkono. Nilidhani anataka kuniomba radhi. Nilikuwa tayari kabisa kumsamehe.

Akasema, "Isaya akikuuliza, mwambie umezuiliwa. Mwambie serikali imeuzuia kwa sababu ni nyumbu."

Nilimtazama nisiamini. Uongo ule ule! Uliotaka kumuua Isaya, ulionilaza benchi la polisi, na bado anaupalilia, hata saa moja haijapita tangu aape. Nikautoa mkono wake. Nikamwambia Bi Zuhura amsindikize stesheni. Sikumuaga vizuri. Sitakuwa sehemu ya mambo haya.

Jumapili, 16 Machi. India

Foleni ya uhamiaji ndefu. Kadi ya chanjo, barua ya hospitali, vidole kwenye kioo, uso kwenye kamera. Afisa akauliza nimekuja kufanya nini. Kwa Kiingereza changu cha shule ya msingi nikasema mdogo wangu, figo, nikajigusa ubavu. Akaniangalia ubavu, akagonga muhuri.

Forodha. Afisa mwenye masharubu akauliza kama nimebeba kitu chochote cha mnyama. Nikasema hapana kabla hajamaliza. Akalifungua begi hata hivyo. Akaunusa mlenda, akatikisa kichwa, majani makavu hayaingii. Nikamwambia chukua. Akauchunguza unga wa dona. Chukua na huo. Nilikuwa tayari kutoka pale na nguo za mwilini tu, ilimradi anipishe.

Alipoanza kupapasa mishono ya begi, nilijishika kwenye meza. Hakukuwa na kitu, najua hakukuwa na kitu, na bado nilikuwa nimeanza kutunga maelezo. Akafunga zipu. Akaonyesha mlango.

Neema amenipokea. Amekonda, vazi linamning'inia. Tulikumbatiana. Isaya alikuwa kwenye mashine, nimemwona kupitia kioo. Sikumtambua hadi alipotikisa mguu. Mguu anautikisa vile vile kama alipokuwa mdogo.

Presha 134 kwa 86. Nimeandika ya kweli.

Jumatatu, 17 Machi

Kamati. Watu watano na mkalimani mmoja kutoka Mombasa.

Umelazimishwa? Hapana. Umeahidiwa chochote? Hapana. Unajua unaweza kufa? Ndiyo. Huyu ni ndugu yako, mna baba mmoja? Mama mmoja. Wakatazamana. Mkalimani akauliza tena, nikarudia, mama mmoja na baba mmoja, lakini kwetu inayohesabika ni mama. Sijui aliwatafsiria nini, wakaandika.

Nimejifunza. Kila swali neno moja. Hakuna hadithi.

Presha walinipima wenyewe mara tatu. Ya tatu ikashuka, 126. Wamekubali. Nimeingia chooni nikalia mpaka muuguzi akagonga mlango.

Jumanne, 18 Machi

Leo wameniruhusu nimwone Isaya nusu saa. Barakoa, kofia, mikono imeoshwa hadi kiwiko.

Amekuwa mdogo. Sauti yake ndogo. Tumeongea habari za mvua, nani amepanda mapema, nani mafuriko yamemchukulia shamba. Anataka kujua kama mgahawani bado napika mbaazi za nazi. Napika. Anataka mbaazi. Nikamwambia wiki mbili, tatu, akipenda Mungu, atakula mbaazi.

Kisha akauliza. "Dada, Mjomba alinipa kitu?"

Tangu nikiwa kwenye ndege nilikuwa nimeyapanga maneno. Panya, Rudewa, uzi wa mshona viatu. Ilikuwa nimwambie kweli yote, tumalize ujinga huu wa ukoo, mwanamume mzima wa miaka arobaini anayo haki ya kujua anarithi nini. Nilikwisha kufungua mdomo. Mpira unamtoka shingoni, plasta imelegea upande mmoja.

Nikasema, "Alinipa usinga. Wameuzuia uwanja wa ndege."

"Kwa nini?"

"Nyara za serikali. Wamesema ni nyumbu."

Akacheka, kicheko kidogo cha puani, cha kwanza anasema Neema tangu mwezi wa kwanza. "Kumbe kweli," akasema. "Mimi siku zote nilijua mzee anatudanganya. Kumbe kweli ni nyumbu."

Nikamwambia ndiyo.

Akafumba macho huku anatabasamu, akapitiwa na usingizi, mkono wake umo mkononi mwangu. Nimekaa naye mpaka muuguzi aliponionyesha saa. Nikaitengeneza plasta kwanza.

Kesho saa moja asubuhi wanaanza na mimi.